Reli Iliyotoka Nje ya Mlango

Sifa zote namrudishia Mungu, aliyenipa pumzi asubuhi ya leo na nguvu za kushika kalamu. Alitupa mvua kidogo na akatutosheleza. Alitupa kazi, na baada ya kazi akatupa wenzetu wa kuzeeka nao. Baada ya kusema hayo ndipo naanza kusimulia.

Nilikuwa karani wa stesheni ya Emali. Nilikata tiketi, nikapima mizigo, nikaandika saa za magari ya moshi kufika na kuondoka, miaka mingi, tangu wakati wa injini za mvuke hadi zikaondolewa zote na dizeli ikachukua njia. Nilipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, sikwenda mbali. Nilijenga nyuma ya soko, mahali ambapo malori ya vitunguu kutoka Loitokitok huamsha watu mapema kuliko jogoo, na kila Jumapili nilikaa benchi la pili kanisani kwetu pamoja na wazee wawili wa reli.

Wa kwanza tulimwita Nyapara. Alianza kama kibarua wa genge la kutengeneza njia, akaishia kuliongoza, na sehemu yake ilikuwa kutoka daraja dogo la upande wa stesheni ya Simba hadi kwenye pointi za stesheni ya Emali, pale njia inapogawanyika. Alikuwa mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno. Wa pili tulimwita Fayamani kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza moto na maji ya injini. Alizaliwa Ikutha, ambako reli haijafika mpaka leo, na alipenda kusema kwamba Mungu alimtoa mbali na reli ili aipende zaidi. Huyo maneno hayakumwishia. Mimi nilikuwa Karani. Hata mchungaji alituita hivyo.

Mambo yalianza kwa ubishi. Kila Jumapili baada ya ibada tulisimama nje ya kanisa tukibishana kuhusu mambo ya reli: tangi la maji lilisimama upande gani, mti wa ishara ulikuwa wapi kabla haujahamishwa. Watu walikwenda nyumbani, wakala, wakarudi kwa mazoezi ya kwaya, wakatukuta palepale. Siku moja mchungaji, kijana aliyeweza kuwa mwanangu, alituambia kwa heshima kwamba wazee wakiendelea kubishana hivi watamaliza vumbi la uwanja kwa kulichora kwa fimbo. Akasema kama tunaikumbuka reli vizuri namna hiyo, basi tuitengeneze tuiweke mahali watoto wataiona. Kanisa lilikuwa na ghala refu la mabati lililojengwa kuhifadhia mahindi ya msaada wakati wa njaa. Mvua zilikuwa zimerudi na ghala lilikuwa tupu.

Hivyo ndivyo tulivyopata makumbusho. Kila Jumamosi, baada ya soko kupungua, watu walikuja ghalani bila kulipwa. Wengine walikuja kusaidia, wengine kututazama tukisaidiana. Reli tuliitengeneza kwa ile mikanda ya chuma ya kufungia marobota ya katani, ambayo Fayamani aliipata shambani Kibwezi kwa kuomba tu. Mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli, tuliyakata kwa vijiti vya mgunga. Kila taruma lilipigiliwa misumari midogo minne, na Nyapara alipita nyuma yetu akigonga kila mmoja kwa nyundo yake, ile ile ya kazini yenye mpini mrefu, akisikiliza. Akisikia mlio usiompendeza, aling'oa.

Kulikuwa na mchongaji aliyekuwa na kibanda kando ya barabara ya Mombasa, akiwauzia wageni vinyago vya twiga na vifaru. Tulimwomba atuchongee injini. Alituletea kitu kizuri sana cha mti wa mpingo, kimeng'arishwa, lakini kifua kilitangulia, mgongo ukainuka, na bomba la moshi lilikaa mbele pale ambapo pembe ingekaa. Fayamani aliigeuza huku na huku.

"Fundi," akamwambia, "hii ukiipigia filimbi italia au itatufukuza?"

Mchongaji akacheka hata akakaa chini. Aliichonga tena mara tatu, na hata ile ya mwisho ina ukali fulani usoni. Tuliipenda hivyo.

Milima ilitengenezwa na akina mama wa kanisa. Mwenyekiti wao, mama wa makamo tuliyemwita Mwaitu kama tunavyowaita mama zetu, alikataa katakata saruji. Alisema milima ya Ukambani itatengenezwa kwa vitu vya Ukambani. Walikanda udongo na kinyesi cha ng'ombe na majivu, wakapaka juu ya magunia yaliyotandazwa kwenye fito, wakachomeka majani makavu. Ghala lilinuka kama boma kwa wiki mbili, kisha harufu ikaisha na milima ikabaki, imara kama sakafu ya nyumba ya zamani.

Hatukuwa na umeme. Gari letu lilivutwa na kamba nyembamba ya katani iliyopita kwenye mfereji katikati ya reli, ikapinda kwenye vigurudumu vya uzi wa cherehani tulivyopewa na mafundi wa nguo, ikafika mwisho wa njia ambako ilijizungusha kwenye rimu ya baiskeli. Fayamani ndiye aliyezungusha rimu. Alikuwa amefanya kazi chini ya madereva maisha yake yote, na sasa gari lote lilikuwa mkononi mwake.

Sheria zilikuwa zangu. Njia yetu ni moja, na kwenye njia moja gari haliruhusiwi kuingia sehemu yoyote mpaka dereva apewe tokeni ya sehemu hiyo. Nilitengeneza tokeni kwa waya, kitanzi chenye kipande cha shaba, moja kwa kila sehemu. Kama aliyeishika hakuitoa, gari lilisimama, hata kama mchungaji mwenyewe anasubiri. Watu walituona wagumu. Lakini tuliwahi kuwajibika kwa roho za watu, na mazoea hayo hayatoki kwa sababu gari ni la mti.

Sasa nieleze habari ya macho ya Nyapara, kwa kuwa ndiyo iliyoongoza mengine yote.

Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limezima. La kulia, daktari alikuwa amemwambia, lilikuwa na muda, lakini si mrefu. Hakulalamika. Ila aliniambia siku moja, tukipaka mbao oili chafu ili mchwa wasizile, kwamba ana jambo moja analolitaka kutokana na kazi hii. Miaka yote ile njiani, gari likija, yeye na genge lake walisogea pembeni, wakasimama na makoleo yao mpaka lipite. Aliliona likija na kuliona likienda, mahali pale aliposimama tu. Hakuwahi kuliona likipita sehemu yake yote, tangu darajani hadi kwenye pointi za Emali.

"Nataka niione kazi yangu ikitumika," akasema. "Mara moja. Yote."

Nikamwahidi. Tulikuwa tumepanga kufungua ghala siku ya shukrani ya mavuno, na watoto wa shule ya msingi walikuwa wameshaalikwa. Nilimwambia Nyapara kwamba siku hiyo ataona, Mungu akipenda. Nilisema kwa moyo mkunjufu, bila kujua kwamba kosa la kumzuia asione nilikuwa nimeshalifanya mwenyewe.

Kosa lilitokana na somo nililokuwa nimefundisha kanisani, la wale watu wa kale waliojenga upya ukuta wa mji wao, kila mtu akijenga mbele ya nyumba yake. Lilinigusa sana. Nikaona nasi tufanye hivyo: kila mzee atengeneze nyumbani kwake sehemu aliyoifanyia kazi, kisha tulete mbao ghalani tuziunganishe. Nyapara, kutoka daraja dogo hadi Emali. Mimi, kutoka Emali hadi Sultan Hamud. Fayamani, kutoka Sultan Hamud kupanda mpaka Kima. Nilikata vijiti vitatu vilivyolingana, urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi ncha ya kidole, nikampa kila mmoja chake. Kijiti kimoja ni maili moja. Vijiti vililingana sawasawa. Nilivipima mara mbili. Sikumuuliza mtu yeyote ana maili ngapi. Kumuuliza mzee wa reli urefu wa sehemu yake ingekuwa kama kumuuliza kama anajua njia ya kwake.

Siku ya kuunganisha, wiki nne kabla ya mavuno, mbao zilikuja kwa mkokoteni wa punda. Tukaanza upande wa ndani, kwenye daraja dogo. Mbao za Nyapara zikawekwa, nzuri, zimenyooka kama uzi. Zikaendelea. Zikaendelea tena. Emali ilipofika tulikuwa karibu na katikati ya ghala. Zikawekwa zangu, nazo zikatembea hadi mlangoni. Ilipofika zamu ya Fayamani hakukuwa na ghala tena. Tukafungua milango yote miwili na kuziendeleza juu ya madumu, na Kima ikakaa uwanjani juani, pamoja na kilima chake. Kuku wa mchungaji akaja akapanda stesheni akatazama huku na huku.

"Karani," Fayamani akaniambia, "mkatie tiketi huyo."

Watu walicheka sana, nami nikacheka, lakini nilijua kuna kosa. Mwalimu wa jiografia aliyekuwa akitusaidia alikuwa na ramani. Tulipima. Ghala lingetosha reli ya kweli na nafasi kidogo ya kupita. Reli yetu sisi ndiyo iliyokuwa ndefu kupita kiasi, na ilikuwa ndefu katika mikono ya wote watatu.

Tulianza na Fayamani. Alijitetea kwa sauti. Alieleza kwamba gari la mizigo likiwa zito halikuweza kupanda kwenda Kima kwa mara moja. Walilikata vipande viwili, wakapandisha nusu, injini ikarudi chini tupu, ikapandisha nusu ya pili. Kilima kile yeye alikipanda mara mbili na kukishuka mara moja, moto na maji yake vikienda mara zote tatu, na hivyo ndivyo alivyokipima. Mwalimu akamuuliza kama abiria nao walipanda mara mbili. Fayamani akamwambia abiria hakuwa na kazi yoyote ila kulala.

Kisha wakanigeukia mimi, na hapo sikuwa na la kujisifu. Mimi sikupima kwa miguu wala kwa maji. Nilipima kwa saa. Nilichukua dakika za kutoka Emali hadi Sultan Hamud, nikazigeuza maili. Lakini katika dakika zile nilikuwa nimetia na muda ambao gari husimama kungoja jingine lipite, kwa kuwa kungoja ndiko kulikokuwa kazi yangu. Karibu theluthi ya reli yangu ilikuwa gari lililosimama.

"Kumbe ndiyo sababu tulichelewa," Fayamani akasema. "Karani alikuwa ameweka kungoja njiani."

Nilichukua msumeno nikakata sehemu yangu kwanza, mbele ya watu wote, maana mwenye kukosa kwanza ndiye wa kukatwa kwanza. Fayamani akakata yake siku ileile, akinung'unika hadi msumari wa mwisho. Lakini hata tulipozisogeza, Kima ilikuwa bado nje ya mlango, kwa vijiti vitano kamili. Sote tukajua ni vya nani.

Nyapara alisimama mkono wake ukiwa juu ya reli yake. Nilimuuliza kwa upole alihesabu vipi. Akasema maili kumi. Kila jioni, miaka yote, alileta taarifa kwangu stesheni: maili kumi zimekaguliwa. Akasema mimi mwenyewe niliandika maili kumi kwenye kitabu. Ni kweli, niliandika. Alikwenda asubuhi akiikagua reli ya kushoto, maili tano, akarudi akiikagua ya kulia, maili tano. Kwake yeye reli zilikuwa mbili, na kila moja ilitaka jicho lake. Hakukuwa na uongo wowote katika hesabu hiyo. Ila treni hupita juu ya zote mbili kwa pamoja.

Mwalimu alimweleza hivyo, kwa ustaarabu. Nyapara akamsikiliza hadi mwisho.

"Kateni," akasema. "Lakini nusu si yote." Akachukua nyundo yake akaenda nyumbani, akipapasa ukingo wa njia kwa mpini.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Hakuna aliyethubutu kushika msumeno. Ndipo Mwaitu alipotoa shauri. Alisema ghala ni jembamba lakini si jembamba hivyo. Kwa nini reli ya mzee isizunguke? Ikitoka darajani iende ukutani, ipinde, irudi, ndipo ije Emali. Vijiti vyote kumi vingetosha na Kima ingeingia ndani. Tulimshukuru kana kwamba ametutoa shimoni. Tulifanya kazi ile kwa wiki mbili, tukapinda mikanda ya chuma polepole kwa magoti yetu, tukaongeza vigurudumu vya uzi kwenye kona. Gari likapita. Nilikwenda mwenyewe kumwita Nyapara. Nilimwambia njoo, sehemu yako iko nzima, hatukukata hata taruma moja.

Alikuja. Hakuangalia kwa mbali, kwa sababu mbali kulikuwa kumeshaanza kumpotea. Aliweka mkono darajani akatembea na reli. Alipofika kwenye kona mkono wake ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo, ukaenda tena.

"Karani, hapa imepinda."

Nikamwambia imepinda kidogo tu, ili itoshe.

"Nimelala kifudifudi juu ya kokoto miaka yote ile, shavu kwenye chuma, nikiangalia isipinde. Maili tano hizo hazina kona. Hata moja." Alirudisha mkono kwenye kona. "Mtoto akija hapa atasema kulikuwa na kona. Atakayemwambia hivyo ni mimi."

Ilibaki wiki moja. Niliomba usiku ule bila kujua niombe nini, kwa kuwa kukata kulikuwa kumnyima, na kupinda kulikuwa kumdanganya, na vyote viwili nilikuwa nimevileta mimi kwa vijiti vyangu vitatu vilivyolingana.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwangu, amevaa viatu vyake vya kazi. Alisema anataka kutembea njiani, na anaomba jicho langu nimkopeshe. Tulipanda lori la mchanga kwenye barabara ya Mombasa, likatushusha mahali ambapo barabara inakaribiana na reli, tukavuka majani mpaka daraja dogo. Alikaa kwanza akaligusa jiwe la daraja. Kisha akaweka mkono wake begani kwangu, tukaanza kuelekea Emali kwa kijia cha pembeni.

Alihesabu nguzo za simu. Mimi nilimtajia kila moja tulipoifikia, naye alihesabu kwa Kikamba, kwa sauti ya chini. Mahali pengine alinisimamisha kabla sijasema kitu, akasema hapa pana kalvati la kupitisha maji chini ya reli, na lilikuwepo. Mahali pengine alisema hapa tuliwahi kumkuta faru amesimama katikati ya njia, na kibarua mpya akampungia bendera nyekundu. Jua lilipanda. Mara moja gari la mizigo lilipita, tukasogea pembeni kama alivyozoea, naye akageuza uso kulifuata kwa sikio mpaka likanyamaza.

Tulifika kwenye pointi za Emali kabla ya saa sita. Alisimama. Nilidhani amechoka.

"Tumefika?"

Nikamwambia tumefika, hizi hapa pointi.

"Ni fupi," akasema.

Nikamwambia ni ile ile, hakuna aliyeihamisha.

"Hapana. Siku zote nilikuwa narudi." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekuta kofia kichwani mwake baada ya kuitafuta nyumba nzima. "Sijawahi kuitembea bila kurudi. Kumbe yote ni hii."

Tukaenda kunywa chai hotelini sokoni, maandazi mawili kila mtu, na hakuongea tena habari hiyo. Jumamosi alifika ghalani kabla yetu sote. Aliomba ile kona ing'olewe. Kisha akapapasa kutoka darajani, akahesabu vijiti vitano, akaweka alama kwa ukucha, akachukua msumeno akakata mwenyewe, pole pole, kwa mkato ulionyooka kuliko niliokata mimi mwenye macho mawili. Tukasukuma mbao zetu ndani. Kima ikaingia mlangoni. Fayamani alifunga milango akaifungua tena akaifunga, ili tu aone ikifungika.

Siku ya shukrani ya mavuno, baada ya ibada, ghala lilijaa mpaka nje. Watoto walikuwa mbele. Nilikuwa nimesimama Emali, tokeni ya sehemu ya Nyapara mkononi mwangu, gari limesimama darajani. Fayamani alikuwa kwenye rimu, amevaa kofia yake ya zamani yenye mafuta ambayo mkewe alikuwa amejaribu mara nyingi kuitupa. Kulingana na sheria yetu, njia ikiwa imefanyiwa kazi, gari haliendi mpaka nyapara aseme iko salama. Nilimuuliza kwa sauti, watu wote wakisikia, kama njia ni salama.

Alipiga magoti kwenye upande wa Emali, akavua kofia, akalaza shavu la kulia juu ya reli, jicho lake karibu kabisa na chuma, jinsi alivyofanya kila asubuhi tangu ujana wake. Kwa mbali hakuona watu wala milima. Lakini jicho lililokaribia kuzima bado linaweza kufuata mstari unaong'aa ukiwa umenyooka na jua limeingia kwa dirisha la nyuma. Alitazama kwa muda.

"Iko salama," akasema. "Lete."

Nikapeleka tokeni darajani. Fayamani akazungusha. Gari likaondoka, injini ile yenye uso wa kifaru na mabehewa matatu, likaja. Nyapara hakuinua kichwa. Aliliona likiwa nukta, akaliona likikua, taruma kwa taruma, likipita kwenye kalvati, likipita pale pa faru, maili tano nzima, mpaka pua ya injini ikasimama upana wa kidole kutoka kwenye pua yake. Hapo ndipo aliposimama, akajifuta vumbi magotini, akavaa kofia. Alama ya reli ilikuwa imebaki shavuni.

Sikumuuliza ameonaje. Aliniambia mwenyewe tulipokuwa tukifagia: "Halikuyumba hata mara moja."

Jicho lilizima kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Aliendelea kuja kila Jumamosi kwa miaka mingi, akipita na nyundo yake akigonga misumari na kusikiliza, na hakuna fundi wa macho mazima aliyemshinda kugundua mchwa kabla hawajatokeza. Ile nusu aliyoikata hatukuitupa. Tuliiweka juu ya vigogo viwili karibu na mlango, kwa kimo cha mtoto, na kila darasa lililokuja, hata wale waliosafiri kwa lori kutoka Kabati, Nyapara alilipanga foleni, mtoto mmoja mmoja akalaza shavu kwenye chuma na kuambiwa la kutazama. Wengi walicheka wakisema chuma ni baridi. Wachache walinyamaza wakatazama, na hao aliwajua kwa kunyamaza kwao, akawabakiza kuwafundisha kupigilia mataruma. Wengine wao ndio wanaotunza ghala sasa, wakiwa na watoto wao.

Vile vijiti vitatu vimening'inia ukutani kwa msumari mmoja. Fayamani ndiye aliyevitundika, naye alimweleza kila mgeni, mpaka Mungu alipomwita, kwamba ni fimbo alizokuwa akichapiwa Karani.

Nawe uliyeketi kusoma haya, Bwana akunyooshee njia na kuilinda kila jiwe lake. Akuoneshe kazi ya mikono yako ikitumika kabla jioni yako haijaingia, na akupe wenzako wa kukwambia kwa upendo pale ulipozidisha kipimo. Amina.